Ngozi Mbili za Pongo

Nachingwea,
Jumapili jioni.

Mwanangu Somoe,

Natangaza rasmi, mbele ya mama yako na kuku wawili waliokuwa wakipita, kwamba kuanzia leo kile kiti cha plastiki cha bluu, kile kisichoyumba, kimerudi katika miliki yangu. Umekikalia miaka sita kwa kisingizio cha kusoma. Uamuzi huu hauna rufaa. Nimekikalia sasa hivi ninapoandika, na kusema kweli hakina raha niliyoitegemea. Kimekwisha kushika umbo la mtu mwingine.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha, vyeti viwekwe wapi na watu gani wasiaminiwe, mama yako amezimaliza. Nilikuwa nakutazama ukimwitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku macho yako yako Dodoma tangu juzi. Sirudii hata moja. Ya kwangu nikiyasema kwa mdomo nitaanza utani, wewe utacheka, na kesho asubuhi utaondoka na utani peke yake. Ndiyo maana naandika, tena kwa kalamu, ili ukisoma upate taabu kidogo ya mwandiko wangu. Ni zoezi la kwanza la chuo.

Jambo lenyewe nalitaja mapema usije ukaruka kurasa kulitafuta. Katika habari ya zile ngozi mbili za pongo, yule swala wa vichakani, wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikosea. Nilikosea mbele ya watu, nikakunyamazisha mbele ya watu, na kwa muda wa miezi kumi Bi Hadija wa Nanganga amekaa na neno la karatasi niliyomsomea mimi, kwamba marehemu baba yake alikuwa mwizi. Jumamosi niliposema nakwenda huko kuangalia mbegu za ufuta, sikuona ufuta hata punje. Nilikwenda kwake.

Nitakueleza ilivyokwenda. Lakini naanza mbali, hata kwenye mambo unayoyajua, kwa sababu unakwenda kusomea kutunza nyaraka na hawatakosa kukuuliza nani alikufundisha kusoma mwandiko wa zamani. Kabla hujajibu kwamba ni baba yako, ni haki ujue baba yako alianzaje.

Nilianza kwa kuchoma. Nilikuwa tarishi katika ofisi moja ambayo naiacha bila jina, nina darasa la saba na baiskeli ya serikali. Siku moja mkubwa akasema stoo inatakiwa kuwekwa matairi, yale makaratasi ya zamani yatolewe yachomwe. Nikachoma. Gunia la kwanza lote, kwa bidii, nikichochea kwa kijiti, na nikasifiwa. Gunia la pili lilikuwa limelowa, halikushika moto. Nikalianika nikakaa kulisubiri, na kwa kukosa la kufanya nikachukua kitabu kimoja nikaanza kusoma. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unawaambia wenzako kwamba baba yako aliokoa historia, na mimi sikuwahi kukurekebisha. Sikuokoa kitu, mama. Mvua ilikuwa imenyesha. Na la gunia la kwanza hakuna ajuaye lilikuwa na nini, hata mimi niliyelichoma sijui.

Kitabu kile kilikuwa cha vifaa, cha wakati wa Karanga, Waingereza walipokuja kulima karanga huku na kuujenga mji wetu huu kabla ya kugundua kwamba karanga zenyewe hazitaki. Nani kachukua sepetu, nani karudisha msumeno. Siku ya kwanza nilisoma maneno manne. Wino umekuwa rangi ya chai, na karani anaandika kama siafu waliokasirika. Wiki ya pili ndipo nikagundua hila, ile niliyokuja kukufundisha wewe: usianze na usilolijua. Kila mstari uliishia na neno lilelile, na neno hilo haliwezi kuwa jingine ila "imerudishwa". Basi hapo nikapata r yake, nikapata m yake, nikapata d yake yenye mkia wa kenge. Nikazichukua nikaenda nazo kwenye majina ya watu. Ukimjua karani anavyoandika asipofikiri, utamsoma hata pale alipokuwa na haraka.

Sasa, kwa nini mtu na akili zake amtafute mchonga ngoma. Kosa ni la baiskeli. Nilikuwa napeleka barua mpaka Kilimarondo, na kule mtu hakabidhi barua akaondoka, ananyweshwa maji kwanza. Unakaa, unaangalia. Kwenye nyumba moja nikaona ngoma imetundikwa, na chini ya ukingo ina alama ya kuchoma kwa chuma: mistari mitatu na nukta. Mwezi uliofuata nikaiona alama hiyohiyo kwa watu wengine, kata nyingine. Kisha nikaenda Ruangwa kumposa mama yako, na wakati wazee wananihoji habari zangu, mimi nikawa nimeikodolea macho ngoma iliyokuwa pembeni yao. Mistari mitatu na nukta. Mama yako mpaka leo anasema nilimposa nikiwa natazama pengine.

Nikauliza, "Nani aliyeichonga hii?"

"Saidi."

"Saidi gani?"

"Saidi wa ngoma."

"Mtoto wa nani?"

"Kijana, umekuja kuoa au kuandikisha kodi?"

Nikarudi kwenye kuposa. Lakini miaka mingi baadaye, katika kile kitabu cha vifaa, nikamkuta: Saidi bin Chilumba, seremala, tezo moja ya kuchongea. Na pembeni, pale wengine walipobandika dole gumba, yeye ameandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, na chini yake amechora mistari mitatu na nukta. Karani kaongeza maneno mawili ambayo yalinichukua siku tatu kuyasoma kwa sababu hakuwa ameyaandika kwa mtu mwingine yeyote: "mpini mpya". Tezo ya watu aliazima, akairudisha na mpini alioutengeneza yeye. Siku ile nilitembea mjini nikiwa na furaha ambayo nisingeweza kumweleza mtu yeyote sokoni akanielewa.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipompata Bi Hadija, binti wa mwisho wa Saidi huyo. Unakumbuka alivyotupokea, akapika kisamvu, akashusha ngoma ya baba yake kutoka kwenye misumari akakupa uishike, mimi akanikataza. "Wewe mikono yako ya karatasi," aliniambia. Alitueleza jinsi mzee alivyofanya kazi, akachagua la kusisitiza: baba yake hakuwahi kuivika ngoma ngozi ambayo hakupewa kwa mdomo na mwenye mnyama. Si kununuliwa na mtu wa tatu, si kuokotwa. Aende kwa mwenyewe, aombe, mwenyewe aseme chukua. Kwa sababu ngoma yake ndiyo iliyowatoa wali, wasichana waliofundwa unyagoni, na wali wakitolewa kwa ngozi ya wizi, ule wizi wanaingia nao kwenye ndoa zao. Wasichana wangapi wa Nanganga walitolewa kwa ngoma ile hajui mtu. Yeye mwenyewe ilimtoa, na mabinti zake, na wajukuu.

Niliyaandika yote hayo. Naweza kukuonyesha ukurasa. Niliyaandika, nikapigia mstari, nikafunga daftari, na nadhani nilipofunga daftari ndipo yalipotoka kichwani.

Likaja daftari la baraza. Mjukuu wa karani mmoja wa zamani kule Ruangwa alikuwa nalo, linazuia mlango usijifunge. Akaniazima kwa masharti kwamba nimletee jiwe. Kesi za zamani za wanyonge: mbuzi kaingia shambani, mke kakataa kurudi, mtu katukana jumbe. Tulilisoma pamoja, mimi na wewe, mlangoni kwenye mwanga, wewe unapiga picha kwa simu na kuyavuta maandishi yawe makubwa, mimi na kile kitako cha chupa cha kukuzia herufi nilichokuwa najivunia kabla ya simu yako kunifedhehesha. Tukamfikia. Saidi bin Chilumba, mchongaji, amechukua ngozi mbili za pongo za mwenziwe pasipo ruhusa. Amekiri. Kulima barabara mwezi mmoja.

Niliruka, si uongo. Ulisema, "Baba, tulia kwanza. Huyu kabandika dole."

"Sasa?"

"Yule wa Karanga kaandika jina. Na kachora alama yake. Mtu anayejua kuandika atabandikaje dole?"

"Mtu akiwa mbele ya baraza anatetemeka. Wanamkamata mkono wanambandika. Nani atamwacha mshitakiwa achore nakshi?"

"Na hapa wamesema mchongaji. Hawakusema mchongaji wa ngoma."

"Ngozi za nini basi? Anashona suruali?"

Ulicheka kidogo, ukaacha. Nikadhani nimekushinda. Baadaye nimefikiri sana habari ya kicheko kile, na naona ulicheka kwa sababu ni baba yako niliyesema, na mtoto mwenye adabu humcheka baba yake pale tu anapotaka kuchekwa.

Nikueleze nilichokuwa nacho moyoni, maana kosa bila sababu yake ni nusu ya habari. Sikutaka kumvunjia Bi Hadija heshima. Niliona nimepata hadithi tamu. Niliwaza: tazama, fundi aliyeipenda kazi yake mpaka akaiba ngozi ili ngoma isikae uchi. Niliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokipata mwenyewe, na nilidhani kila atakayesikia ataipenda. Hakuna kilichoniharibia akili maishani kama hadithi tamu. Mtu wa kawaida akikosea anakuwa amekosea tu. Mimi nikikosea nakuwa na karatasi mkononi.

Ikafika Desemba, siku ya kuwatoa wali pale Nanganga, Bi Hadija akaniomba niseme maneno mawili ya kumkumbuka mzee kabla ngoma haijapigwa. Maneno mawili. Nilisimama pale na miwani yangu, watu wamejaa, wanawake na vitenge vyao vipya, wali wamejipanga wamefunikwa nyuso, nikasema maneno kama elfu tatu. Niliwaeleza habari ya wino. Niliwaeleza siafu. Niliwaeleza jiwe la mlangoni. Kisha nikafungua nakala nikasoma kwa sauti: ngozi mbili za pongo, amekiri, kulima barabara mwezi mmoja. Nikainua uso nikitabasamu nisubiri wacheke.

Wewe ulikuwa umesimama na wasichana wa rika lako. Ulisema taratibu tu, "Baba, lakini lile dole—"

"Nani kakuuliza wewe?" nikakujibu. Kwa sauti ile ya kusomea.

Somoe, nimekwisha kukugombeza kwa mambo mengi na mengi kati ya hayo nitayarudia ukija likizo. Hilo nalifuta. Sikukunyamazisha kwa sababu ulikosa adabu. Nilikunyamazisha kwa sababu katika umati ule wewe peke yako ndiye uliyekuwa umesoma karatasi ile, na nililijua.

Bi Hadija aliniuliza swali moja. "Karatasi yako inasema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka tunaondoka. Nikaona wanawake wananong'onezana, wakainama pale nyuma, kisha wakamtuma mtu mbio kwa jirani, akarudi na ngoma nyingine ya kuazima. Ya mzee Saidi haikupigwa siku ile. Nikaelewa mara moja. Nilikuwa nimeinyamazisha ngoma iliyotoa wali kwa miaka yote ile, nimeinyamazisha kwa ulimi. Bodaboda ilitubeba wote wawili kutoka Nanganga mpaka hapa, wewe ukiwa nyuma yangu. Ulikuwa umenishika kwenye mabega ili usianguke, na mikono yako ilikuwa mizito.

Halafu ukafanya lile ambalo mimi, katika miaka yote ya kusoma, sikulifanya. Ulimrudia yule bibi peke yako ukamwuliza. Ulirudi ukatueleza wakati wa kula, nakumbuka ilikuwa dagaa. Ulisema: "Baba, Chilumba si baba yake mzee Saidi. Chilumba ni mjomba wake. Baba yake aliitwa Mohamedi, bibi anasema alikuwa mtu wa kupita tu. Mzee alilelewa na mjomba, ndiyo maana wakimwuliza wewe wa nani, anasema wa Chilumba. Na huyo Chilumba alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, naye Saidi. Huyo ndiye alikuwa anachonga vinu."

Mama yako akaacha kula. Mimi nikasema, "Watu hulinda wazee wao." Nikaomba chumvi.

Miezi minane, mwanangu. Kila nikikaa kuandika habari za Saidi kalamu inakwenda upande, lakini nasema ni macho.

Unajua nilivyozinduka? Hujui, kwa sababu sikusema. Ni siku ile tuliyojaza fomu zako za chuo pale kwenye duka la fotokopi. Yule dada akaniuliza, "Jina la babu yake mzaa baba?" Nikajibu bila hata kupumua: "Mkwanda." Akaandika. Ukaweka sahihi. Tukalipa tukatoka, wewe ukaenda kwa rafiki yako, mimi nikabaki barazani kwa duka nimeshika nakala, nikasoma: babu, Mkwanda.

Mkwanda ni mjomba wangu. Ndugu wa mama. Ndiye aliyenishika mkono akanipeleka darasa la kwanza, mwalimu akauliza huyu mtoto wa nani, mjomba akasema wangu, na lilikuwa jibu la kweli kabisa kwa mtu wa huku, kwa kuwa aliyekuwa na neno juu yangu ni yeye. Baba yangu aliitwa Issa. Alikuwa mtu mpole aliyekuja akakaa kwa kina mama, na hakuna karatasi hata moja ya serikali inayojua kwamba alipata mtoto. Kitambulisho changu ni cha mjomba. Cheti chako ni cha mjomba wangu. Nimeishi miaka hamsini na nane katika jina ambalo si la baba yangu, sikuona ajabu, halafu nikamkuta mtu mwingine kama mimi ndani ya kitabu, nikamwona ni mtoto wa aliyetajwa. Mgeni angekosea hivyo tungemwambia ndugu yangu, hujui desturi zetu. Mimi desturi nimeivaa.

Nikakaa na hilo mwezi mzima na zaidi, sasa si kwa ubishi tena bali kwa aibu. Vitu hivi viwili kwa nje vinafanana sana: vyote mtu anakuwa kimya na anasema anaumwa macho.

Jumamosi basi. Nilimkuta Bi Hadija uani anatenga korosho, nzima huku, mbovu huku. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia nina maneno, na kwa kuwa nilikosea mbele ya watu, naomba nirekebishe mbele ya watu. Akaniangalia sana. "Utasoma tena?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo chako nakijua." Lakini akawaita. Walikuja kama watu kumi na wawili, pamoja na Bi Sharifa, yule nyakanga anayewafunda wali, na mzee mmoja wa kando ya barabara ambaye hata jina lake sikuwahi kumwuliza.

Nikasema nilivyojiandaa. Kwamba nilisoma ukurasa wa mtu mwingine. Kwamba walikuwepo Saidi wawili katika nyumba moja, mmoja mtoto wa Chilumba, mwingine mpwa wake, na kwamba aliyechukua ngozi ni yule wa vinu, aliyebandika dole.

Yule mzee akasema, "Saidi wa vinu? Huyo mwizi kweli. Jogoo wa mama alikwenda naye."

Nikamgeukia. "Babu, wewe ulimjua?"

"Tumekaa naye."

"Mbona mwaka jana hukusema?"

"Mwaka jana uliuliza?" Akajiweka sawa kwenye mkeka. "Ulikuja unasoma. Nikasema huyu msomi, labda anamjua Saidi wa tatu."

Watu walicheka, na safari hii walicheka mahali ambapo sikupanga. Niliwaacha wamalize. Kisha nikatoa kitabu cha vifaa chenyewe, si nakala, nikamfungulia Bi Hadija pale penye tezo. Hasomi herufi za kizungu, lakini za Kiarabu alizipata chuo cha Kurani kama mimi. Akapangusa mkono kwenye kanga, akaweka kidole chini ya jina la baba yake, akalifuata kutoka kulia mpaka mwisho. Akashuka kwenye mistari mitatu. Akashuka kwenye nukta, akakaa hapo.

"Na haya ya pembeni?"

"Karani kaandika: imerudishwa, mpini mpya."

Kisha akasema, si kwangu, kama anayewaambia wenzake jambo la jikoni: "Mipini. Alikuwa anaazima jembe la jirani, linarudi na mpini mwingine. Mama anamwambia, we mwanamume, la kwetu halina mpini tangu masika."

Kitabu alikishika mpaka chai ikaja. Nilimwomba radhi, akasema aliniwekea kinyongo mpaka Ramadhani, akaona kinyongo na njaa kwa pamoja ni kazi, akaacha kimoja. Akakuulizia. "Yule mtoto yuko wapi? Yeye alikuja akakaa, akanisaidia kubangua kwanza, ndipo akauliza." Nikamwambia unasafiri, unakwenda kusomea karatasi. Akafikiri, akasema niseme hivi, nami naandika kama alivyosema: "Akasome. Lakini akikuta mtu yupo hai, aanze na huyo."

Mimi sina la kuongeza juu ya hapo, na unajua hali hiyo kwangu ni nadra. Nakuombea usome vizuri kuliko nilivyosoma, na ukikosea, maana utakosea, ukosee kwa sauti ndogo. Kitabu cha vifaa nimekiweka katika begi lako chini ya shuka, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni mara mbili. Nilitaka kukiacha kwa Bi Hadija. Akakataa, akasema kwake kuna panya, kwako kuna chuo. Nyaraka za serikali zina mahali pake; watakaokufundisha watakuonyesha ni wapi, na ukikikabidhi mweleze anayekipokea kwamba kilikuwa na wenzake gunia zima, na nani aliwachoma. Usinifiche. Mwanangu, nyumba hii imekuwa na watu watatu, na mmoja kati yao ndiye aliyekuwa ananisahihisha. Mama yako ameahidi kukaimu.

Imebaki ngoma.

Nilipoona Bi Hadija amefurahi nikaona nimalize kazi yote. Nikasimama, nikamgeukia Bi Sharifa nyakanga, nikasema kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima, kwamba ngoma ya mzee ni safi, ngozi yake iliombwa kwa mdomo, aibu ile niliileta mimi, na namwomba mbele ya wote airudishe kwa wali kama zamani.

Bi Sharifa alimtazama Bi Hadija. Bi Hadija akatazama korosho zake.

"Baba Somoe," akasema nyakanga, "ile hatukuiacha kwa ajili ya karatasi. Ilipasuka. Vijana walikuwa wameiweka motoni kuipasha ngozi ikaze, wewe ukasimama kusema maneno mawili, wakakaa kukusikiliza, wakaisahau."